Jumamosi: kufyeka mkuza wa moto (njia tupu isiyo na majani, ya kuzuia moto)

Jambo yenu, wamama na wapapa wa kikundi. Poleni na moshi.

Mkutano wa Jumapili umeahirishwa. Nyuma ya mashamba yetu ya Kilobelobe majani yamekauka na yanafika kifuani, na upande wa pili wachoma makala wameanza. Mvua haitakuja mpaka mwezi wa 11, basi tusiingojee.

1. Jumamosi, saa 12 asubuhi, pale kwenye mwembe. Saa 4 tumemaliza, kabla ya upepo.
2. Tunafyeka upana wa metre 5, tunapalilia mpaka udongo mwekundu uonekane. Majani tunayaburuta upande wa mashamba yaliyokwisha kulimwa. Hakuna kuchoma! Wanaosema "tuwashe kidogo kujikinga": hiyo ni kazi ya Mei au Juni, majani yakiwa bado na ubichi.
3. Kila mtu alete panga au jembe, na maji ya kunywa.
4. Mchango 3.000 FC kwa mama mtunza hazina, kabla ya Ijumaa. Ni wa barakoa za FFP2, zile zinazochuja chembe ndogo. Kitenge mdomoni kinazuia vumbi, lakini chembe za moshi zinapenya.

Wenye pumu, wajawazito na wazee wabaki nyumbani, madirisha yafungwe moshi ukishuka. Mchango wao unatosha kabisa.

Andikeni jina na NAKUJA au SIWEZI, mwisho Alhamisi jioni. Kidole gumba peke yake sitakihesabu, mwaka jana vidole vilikuwa vingi kuliko majembe.