Maili za ndege: kabla hamjakata tiketi za Desemba

Habari za jioni, wanakikundi. Wengi mnaotoka Dar na Nairobi mnapitia Addis, Doha au Dubai, basi chagueni programu moja ya maili (pointi ambazo shirika la ndege humpa abiria kwa kusafiri, naye huzitumia baadaye kupata tiketi) mkusanye humo. Safari moja haihesabiwi mara mbili. Ukipanda Ethiopian unaweza kuweka maili kwenye ShebaMiles, programu yao wenyewe, au kwenye programu ya shirika jingine la Star Alliance (muungano wa mashirika ya ndege), ila si kote kuwili.

Jina kwenye akaunti lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa ndipo maili nyingi hupotelea: akaunti inasema Mohamed, tiketi Mohammed, mfumo unakataa kimyakimya. Namba ya uanachama wekeni wakati wa kukata tiketi, na kaunta muulize kama inaonekana.

Tunzeni bodingi pasi na namba ya tiketi yenye tarakimu 13 (ya Emirates huanza na 176, Qatar 157, Kenya Airways 706) hadi maili ziingie. Zisipoingia, utadai kwa hizo.

Angalieni pia herufi ya daraja la nauli, ile inayoonyesha aina ya nauli uliyolipa. Tiketi ya bei ya kutupa huleta maili kiduchu, pengine hakuna kabisa.

Muda: Skywards, yaani maili za Emirates, hufa baada ya miaka 3, mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios, yaani maili za Qatar, hufa akaunti ikilala miezi 36, kwa hiyo kukusanya au kutumia hata kidogo kunaziamsha.

Na tiketi ya maili si ya bure jamani, kodi mtalipa.