Mhariri, tuacheni tuulize vita inaishia wapi

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Mimi ni kinyozi, kasaluni kangu kana viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka kona, na gazeti lenu linakaa pale kwenye benchi mpaka kurasa zijae nywele, kwa hiyo hata kama sikusoma sana najua mnachoandika na najua pia watu wanawajibu nini. Sasa wiki iliyopita mmetoa barua ya msomaji mmoja anasema ati nchi ikiwa kwenye vita raia asiulize sababu za vita, kuuliza ni kumsaidia adui, akamalizia na mfano wake kwamba nyumba ikiwaka moto huulizi nani kaiwasha, unabeba ndoo. Mfano mtamu kweli. Kuna mteja aliusoma kwa sauti mara mbili.

Lakini bwana, hata mbeba ndoo si lazima aulize moto uko chumba gani? Asipouliza atamwaga maji yote sebuleni na huku jikoni kunateketea, halafu kesho ataambiwa asante kwa uzalendo wako.

Acha niwaeleze barua hiyo ilifanya nini pale kwangu. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, nilikuwa namnyoa Papa mmoja wa zamani wa migodini, mtu wa heshima, kila mtu anamwita Papa tu. Nimemaliza upande wa kushoto, ndiyo kwanza nimegusa wa kulia, umeme puu. Mashine imekufa mkononi. Basi tukakaa tunangoja, yeye na nusu kichwa, shuka langu shingoni, na ubishi ukaanza hapohapo kati yake na kijana mmoja anayeuza inite za simu pale nje. Papa anasema sababu za vita zote ni bongo, yaani uongo, wakubwa wanataka madini wanatafuta maneno ya kufunikia. Kijana anasema hapana Papa, zingine ni za kweli, usiseme zote.

Papa akaanza na Irak. Nilishangaa, nikafikiri ataanza na Kivu, lakini kumbe ana hesabu yake. Anasema mwaka 2003, mwezi wa kwanza, Bush alisimama mbele ya bunge lake akasema Saddam anatafuta urani Afrika. Afrika! Sisi watu wa huku tukisikia urani na Afrika kwenye sentensi moja tunageuza kichwa, sababu sehemu kubwa ya urani ya lile bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, hapo tu karibu na Likasi, na baba yake Papa alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji. Kumbe safari hii ilikuwa Niger. Walikuwa na makaratasi ya kuonyesha Niger inauza, na wataalamu wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa walipoyashika hawakuchukua muda, barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyekuwa ametoka madarakani tangu 1989. Mkubwa wao ElBaradei akalieleza Baraza la Usalama tarehe 7 mwezi wa tatu 2003 kwamba makaratasi si ya kweli. Siku 13 baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Papa alihesabu zile siku 13 kwa vidole, akarudia mara ya pili. Mtu ana nusu kichwa na anahesabu hivyo, huwezi kucheka.

Na msifikiri watu wa kule walinyamaza. Marekani kwenyewe maseneta 23 walikataa kuruhusu vita, 77 wakakubali. Uingereza waziri mzima, Robin Cook, aliacha kazi siku chache kabla ya vita. Ufaransa ilikataa waziwazi, na kwenye Baraza la Usalama mwaka ule Afrika ilikuwa na viti vitatu, Guinea, Kameruni na hawa majirani zetu Angola, wakubwa wakawa wanapishana kwenda kuwabembeleza, leo Mfaransa, kesho Mmarekani. Bembeleza kote huko kwa ajili ya nini kama sababu ilikuwa wazi? Halafu zile silaha za maangamizi walizosema Saddam anazo zikatafutwa, hazikuonekana. Wolfowitz, aliyekuwa naibu wa waziri wa ulinzi wa Marekani, akasema mwezi wa tano mwaka uleule kwamba walichagua silaha kuwa sababu kuu kwa kuwa ndiyo sababu ambayo wote ofisini wangeweza kukubaliana. Yaani kama sisi tunavyochagua nguo ya sare ya harusi, rangi ambayo hakuna shangazi atakayenuna.

Hapo kijana wa inite akasema sawa Papa, hiyo ni Irak, lakini vita yetu ya 1996 je, ile iliyosemwa ni kwa sababu ya kambi? Na mimi nikaona huyu mtoto ana haki ya kusikilizwa. Kambi za wakimbizi kule Goma zilikuwepo, Mugunga, Kibumba, Katale, na ndani yake kulikuwa na askari na Interahamwe waliofanya mauaji Rwanda 1994, na bunduki zao, wakivuka mpaka usiku kwenda kuua tena. Hiyo si bongo. Aliyesema mwaka 1996 kwamba kambi zile ni hatari alisema kweli, na serikali ya Mobutu haikufanya kitu cha maana.

Papa akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niwaandikie. Akasema, kambi zilifunguka lini? Kijana akasema mwezi wa 11, 1996, watu kwa malaki wakarudi Rwanda kwa miguu. Papa: na vita ilifika hapa Lubumbashi lini?

Tarehe 9 mwezi wa nne 1997. Hapa kwetu hatukuwa na Mugunga.

Nyamaza yote. Mimi mwenyewe Bwana Mhariri nilikuwepo, nilikuwa kijana, nilikata tawi nikasimama barabarani naimba wakati AFDL, waasi wa Mzee Kabila, inaingia, na sina aibu kusema nilifurahi sana, na tarehe 17 mwezi wa tano Mzee Kabila akajitangaza rais akiwa hapahapa mjini kwetu. Lakini ukiniuliza leo nilikuwa naimbia sababu gani, si kambi. Sikuwa hata nazifikiria. Nilikuwa naimba Mobutu aondoke, mshahara wa baba yangu urudi. Vita ilikuja na sababu yake kutoka mashariki, ilipofika kwangu nikaivalisha ya kwangu, na kila mji ulifanya hivyo njia nzima mpaka Kinshasa. Na Rwanda yenyewe muda wote ule ilikuwa inasema hatuko huko, mpaka Kagame alipokubali mwezi wa saba 1997, vita ikiwa imekwisha. Mwaka uliofuata tena vita nyingine, imeanza mwezi wa nane 1998, wakakubali kwamba wapo mwezi wa 11. Sasa kama sababu yako ni nzuri na ni ya kweli, kwa nini unaificha miguu?

Basi toka siku hiyo napima sababu za vita hivyo, sijali sana inasemwa kwa sauti gani, naangalia je ina mwisho, na vita ilipofika kwenye ule mwisho ilisimama au ilipita kama basi lisilo na breki. Na si mimi tu kinyozi. Majaji wa mahakama ya kimataifa kule La Haye (The Hague) walifanya hesabu inayofanana na hii kwenye kesi yetu na Uganda. Uganda ilisema tulikuwa tunajilinda, waasi wanatushambulia kutoka Kongo. Mahakama ikaangalia, ikasema mwezi wa 12 mwaka 2005 kwamba kushika viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilometa kutoka mpakani haiwezi kulingana na kujilinda. Anayelinda mlango wake anafanya nini Kisangani? Tena kule wakapigana Waganda na Wanyarwanda wenyewe kwa wenyewe siku sita, mwezi wa sita 2000, kila mmoja na sababu yake ya kiusalama, waliokufa ni watu wa Kisangani. Mwaka 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11, lakini hiyo ni barua nyingine.

Sasa tuje kwa hii ya leo, maana najua ndiyo iliyomsukuma yule msomaji wenu. Dada yangu mkubwa yuko Goma, ameolewa kule. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 alikaa siku nyingi hapatikani, alipopatikana nikamuuliza, yaya, dada yangu, hao watu wanasema wamekuja kwa nini? Akacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Akasema, mdogo wangu, inategemea umeuliza siku gani. Siku moja ni FDLR, wale waasi Wahutu wa Rwanda walio huku Kongo. Siku nyingine ni kulinda Watutsi wasibaguliwe. Siku nyingine ni makubaliano ya tarehe 23 mwezi wa tatu 2009 ambayo serikali haikuyatimiza, jina lenyewe la M23 limetoka pale. Siku nyingine ni utawala mbovu na wanaenda mpaka Kinshasa, Nangaa, mkubwa wa muungano wao, alisema hivyo mbele ya waandishi wa habari mjini Goma kabla wiki haijaisha. Akasema yeye anachojua benki zimefungwa, ndege hazitui, na ana mafranka kwenye akaunti anayaona kwenye simu tu.

Mimi siwezi kusema hizo sababu zote ni bongo. Watutsi wa kwetu kubaguliwa kupo, tumesikia maneno yanayosemwa hadharani, hata hapa Lubumbashi nimeyasikia kwenye benchi langu na nimemtoa mteja kwa ajili hiyo. FDLR ipo. Lakini kwenye ile hesabu ya Papa, unalinda mtu kwa kushika Bukavu mwezi wa pili, na Walikale mwezi wa tatu? Na Rubaya kwenye migodi ya coltan, madini ya simu, iliyochukuliwa tangu 2024, pale anajificha nani? Kigali, wanaotajwa kuwa nyuma ya M23, wanasema ni hatua za kujilinda. Nimesikia. Uganda nayo ilisema hivyohivyo mbele ya majaji.

Na msinipige makofi haraka nyie wa upande wa serikali, kipimo ni kilekile kwetu. Mwezi wa tano 2021 tuliambiwa hali ya dharura Kivu Kaskazini na Ituri, maaskari watawale badala ya magavana, siku 30 tu, kumaliza makundi ya silaha. Siku 30! Ikaongezwa, ikaongezwa tena, kila baada ya wiki mbili, miaka ikapita, na Goma ikaanguka chini ya hali hiyohiyo ya dharura, wanajeshi ndio waliokuwa wanatawala mkoa. Aliyeuliza wakati ule siku 30 zinaisha lini aliambiwa anamsaidia adui. Sasa nani alimsaidia adui?

Kwa hiyo namwambia ndugu yetu aliyeandika, kwa heshima, sisi hatuulizi ili kupendelea upande. Dada yangu yuko ndani ya moto huo wake wa mfano, na yeye ndiye anayeuliza kuliko sote.

Na nyinyi gazeti nina ombi moja, si kubwa. Mnapoandika kwamba fulani anapigana kwa sababu hii na hii, wekeni tarehe aliyoisema, na chini yake wekeni alichosema mwaka jana, na alichosema siku ya kwanza. Basi. Msituandikie maoni, maoni tunayo sisi ya kutosha, benchi langu limejaa maoni. Tuwekeeni tarehe. Papa alijua zile siku 13 kwa kichwa sababu alikata kipande cha gazeti akakiweka ndani ya Biblia yake, alinionyesha, kimekuwa rangi ya chai.

Umeme haukurudi siku ile. Papa alivaa kofia ya mwanaye akaenda nyumbani na nusu kichwa, akarudi Jumatatu saa mbili asubuhi tukamaliza upande wa kulia. Sikumdai tena. Kijana wa inite alikuwa ameshafika, amekaa palepale, na kabla sijawasha mashine akamwambia, lakini Papa, Kolwezi 1978 wale Wafaransa walisema wanakuja kuokoa Wazungu, na waliwaokoa, wakaondoka. Papa akageuka kwenye kiti ghafla, nikakaribia kumkata sikio.

Msomaji wenu, kinyozi wa Katuba, Lubumbashi