Mjomba, lile kava la shafti bado liko nyuma ya banda lako

Shikamoo mjomba. Simu zangu hupokei tangu tulivyojibizana kwenye msiba wa bibi, kwa hiyo naandika hapa, na wenye mashine wengine wasome maana hauko peke yako.

Najua hukutaka dogo, mdogo wangu, aumie kwenye mashine yako, ada yake mpaka form four ulilipa wewe. Ila kila ukiulizwa unasema bahati mbaya, Mungu kapanga, na hapo ndo nashindwa kunyamaza.

Wenzake walituhadithia. Saa tano usiku, baridi ya Mbozi ya mwezi wa saba unaijua, dogo kavaa lile koti la mtumba lenye kamba kiunoni. Trekta inanguruma, mashine inapukuchua mahindi, yeye akataka kufuata magunia upande wa pili, na kwa vile wanalipwa kwa gunia na usiku unaenda hakuzunguka trekta, akavuka juu ya shafti, lile chuma linalozunguka kutoka kwenye trekta kuendesha mashine. Kamba ikanaswa. Mjomba, shafti ile inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja, hata kupiga yowe hujawahi. Dereva anazima trekta mkono wa kulia ulishaenda, chini kidogo ya kiwiko. Lingekuwepo lile kava la plastiki, lenyewe likiguswa na nguo linasimama, shafti inazunguka ndani huko, kamba ingeteleza tu. Mlilitoa eti linasumbua kupaka grisi.

Laki mbili uliyoleta na gunia la mahindi tulishukuru, kweli kabisa. Ila maksai wote wawili waliuzwa wiki ile ile, rufaa Mbeya, dawa, nauli za mama kwenda na kurudi, na shamba la kahawa limekodishwa misimu mitatu. Shemeji analima peke yake, binti yao mkubwa siku nyingine haendi shule anaenda vibarua. Juzi nimemkuta dogo shambani kabana mpini wa jembe kwapani, anapiga mara tatu nne, anakaa chini, anainuka tena. Nilirudi nyuma asinione.

Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo mjomba, umeanza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri na haifiki hata shilingi moja kwa kila mia ya mshahara. Vijana wako sita hakuna hata mmoja aliyeandikishwa. Wanaona fidia ni ya watu wa maofisini na migodini, wakati Shirika la Kazi Duniani (ILO) wenyewe wanakihesabu kilimo kwenye kazi tatu za hatari zaidi duniani.

Msimu wa kupukuchua ndo huo unakaribia. Kava nililiona Pasaka, lina vumbi na kinyesi cha kuku ila halijapasuka, limepungukiwa mnyororo wa kulishikilia lisizunguke tu na mnyororo nimeshanunua. Jumamosi nakuja na spana. Hata kama hutaki kuongea na mimi, nifungulie geti tu.