Jumamosi: Bujora, na mavi ya chuma

Mwangaluka wanakikundi!

Jumamosi tunakwenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Tukutane stendi ya Buzuruga saa 2 asubuhi (mbili kweli, siyo ile ya mwezi jana), tupande daladala za Kisesa.

Mwanaakiolojia tuliyemwalika amethibitisha. Nilipoongea naye kwenye simu nilimuuliza kazi yake inaanzia wapi, nikidhani atasema kwenye shimo. Akasema inaanzia kwa wazee. Akanipa mfano wa Katuruka, kule Kagera. Mmarekani Peter Schmidt alifika mwishoni mwa miaka ya 1960, wazee wakamwelekeza penye mti wa Kaiija, ambapo simulizi zao zilidai palifuliwa chuma zamani sana. Alipochimba alikuta mabaki ya uhunzi ya zaidi ya miaka 2,000! Miaka mingi baadaye wanakijiji wenyewe ndio walioanzisha mradi wa kuhifadhi eneo hilo. Mimi hapo ndipo aliponikamata, maana sisi bado tunasubiri mtu atoke Dar aje atuambie historia yetu.

Ukiona shambani kigae cha chungu cha kale au mavi ya chuma (yale mabaki ya taka yanayotoka chuma kinapoyeyushwa), usilete. Kiache palepale, piga picha na uandike mahali ulipokiona. Kikihamishwa kinapoteza nusu ya habari zake. Na tafadhali msichimbe, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inataka kibali.

Nauli kila mtu yake. Mama Neema, ile nafasi ya babu ipo, aje na hadithi zake zote.