Viatu vya Marehemu

Aurora, Colorado

Mama, shikamoo. Naamini barua hii inawakuta wazima na goti la Baba limepata nafuu. Mimi sijambo, nashukuru Mungu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia, ule wa "rudi kabla hujaletwa kwenye sanduku." Nilichelewa kujibu kwa sababu kukudanganya siwezi: bunduki huku zipo. Mwaka 2021 risasi ziliua watu zaidi ya 48,000 Marekani nzima, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe, jambo ambalo hutalisikia sana kwenye taarifa ya habari. Na mji huu ninaoishi ndio ule ambao usiku wa kuamkia 20 Julai 2012 mtu aliingia ukumbi wa sinema, akaua 12 na kujeruhi 70. Karibu na ofisi za manispaa kuna bustani yenye sanamu za ndege 83. Ukijumlisha utaona amezidi mmoja. Kati ya majeruhi alikuwemo mjamzito, mimba ikatoka, nayo imehesabiwa.

Lakini kuna watu nataka uwajue. Nilipofika nilidhani huku hakuna matanga: mtu anazika, kesho yuko kazini. Kumbe wapo wanaokaa matanga ya wasiowajua.

Heather Martin alikuwa anamaliza sekondari ya Columbine, jimbo hili hili, Aprili 1999, wanafunzi wawili walipoua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Alijifungia ofisini na wenzake kwa muda wa saa tatu hivi. Risasi haikumgusa, basi kwa miaka akajiona hana haki ya kuumia. Baada ya yale ya sinema, mwaka huo huo, yeye na wenzake wa Columbine wakaunda The Rebels Project, kuwapokea manusura wapya. Hawa wanajua yasiyo kwenye cheti cha daktari, kama vile fataki za sherehe zinavyoweza kukuangusha chini hata miaka kumi ikipita.

Wapo pia Sandy na Lonnie Phillips. Binti yao, Jessica Ghawi, alifia mle sinema. Walipanda gari lao la kulala wakawa wanafuata miji mingine iliyopatwa, kukaa na wazazi waliofiwa. Walimshtaki pia aliyemuuzia muuaji risasi kwa intaneti. Mahakama ikaitupa kesi, tena ikawaamuru wamlipe mshtakiwa gharama za mawakili, zaidi ya dola 200,000! Mfiwa amlipe muuza risasi. Wakafilisika. Sheria iliyoruhusu dhuluma hiyo ilifutwa hapa Colorado mwaka 2023.

Sisi nguo za marehemu tunagawa. Tom Mauser yeye anavaa viatu alivyouawa navyo mwanawe Daniel pale Columbine, vinamtosha sawasawa. Wiki mbili kabla, Daniel alikuwa amemwuliza baba yake kuhusu mianya katika sheria ya kuuza bunduki. Baba akaenda na viatu hivyo mbele ya watu, na mwaka 2000 wapiga kura wapatao asilimia 70 wakakubali kwamba hata kwenye maonyesho ya bunduki mnunuzi achunguzwe kwanza. Tom Sullivan naye, ambaye mwanawe Alex aliuawa mle sinema siku anatimiza miaka 27, aligombea ubunge wa jimbo akashinda 2018. Mwaka uliofuata ikapita sheria inayomwezesha hakimu kumnyang'anya bunduki kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari. Wapinzani wa sheria hiyo walijaribu kumng'oa kitini, wakashindwa.

Bunduki hazijaisha, Mama, na sidhani zitaisha. Hata kazini kwetu wapo wanaozipenda kama watoto wao. Ila ukiniuliza mbona sitoki mji huu, hao ndio wanaonifanya nisiuogope sana.

Kurudi nitarudi, likizo ya Desemba, inshallah. Bibi usimsomee barua hii, presha yake unaijua. Mwambie tu nakula vizuri. Hela ya bati nitatuma mwisho wa mwezi. Fundi asianze kabla sijaongea naye.

Mwanao,
Salimu