Ticha, hiyo taiming cheni usiiguse kwanza

Ticha wangu, mambo vipi bana, shemeji na watoto hawajambo? Meseji yako niliiona juzi nikasema hili la kujibu kwa mistari miwili halifai, maana linagusa injini na hela ya mkopo kabisa. Yani fundi kakwambia Toyota IST yako imefika kilomita 130,000 kwaiyo lazima taiming cheni, ule mnyororo unaounganisha krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti za juu zinazofungua vavu), itoke kabla haijakatika, na we ushaanza kutafuta hela. Subiri kwanza kaka. Cheni ya gari yako haibadilishwi kwa kuangalia kilomita.

Mi nadhani huyo fundi hana nia mbaya, anachanganya na mkanda tu. Gari za taiming belti ndo zina namba: Hilux ya injini ya 5L, Prado ya injini ya 1KZ, zile Noah za zamani SR40, mkanda wake ni wa mpira na mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki, ndo maana watu wanashika kilomita 100,000 kama kipimo na zile dizeli za Toyota kwenye dashibodi kuna taa kabisa imeandikwa T-BELT, ikiwaka ujue muda umefika. Sasa IST iwe ya injini ya 1NZ ile ya cc 1,497 au 2NZ ya cc 1,298, zote ni cheni ya chuma, iko ndani ya kava inazunguka kwenye oili, na Toyota kwenye ratiba yao ya sevisi hawakuipangia kilomita ya kuitoa. Kuna zinazopita 300,000 na cheni ya kiwandani, na kuna zinazopiga kelele kabla ya 150,000, tofauti kubwa ni oili. Af hata hizo 130,000 zenyewe, gari imetoka Japani imepita mikono mingapi, namba ya dashibodi inarudishwa nyuma, kwaiyo we sikiliza injini usisikilize namba.

Nikueleze inavyochoka ili ukienda gereji uwe unajua unaongea nini. Watu wanasema cheni imevutika ila chuma chenyewe hakivutiki, kila kiungo kina pini, pini zinalika kidogo kidogo kwenye matundu yake, ukijumlisha viungo vyote cheni inakuwa ndefu kuliko ilivyotoka. Ile nafasi inayozidi inafidiwa na tenshena, ni kijichuma kinasukumwa na presha ya oili kinakandamiza gaidi, yani ile reli cheni inapopita, gaidi inaibana cheni. Umeona sasa? Oili ikiwa chini, au chafu, au imekaa muda mrefu mpaka imekuwa tope, pini zinalika haraka na tenshena yenyewe inakosa nguvu, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Dalili ya kwanza iko asubuhi. Gari ikilala usiku kucha, fungua boneti, mwambie shemeji apige stata we simama upande wa dereva, kule ilikokaa mikanda ya alteneta, maana cheni iko upande huo. Ukisikia kama mnyororo unakwaruza chuma, kra kra kra, sekunde moja ukakata, hiyo mara nyingi ni oili haijapanda tu. Ukiendelea sekunde kadhaa kila asubuhi, hapo kuna kitu. Ukiwa unasikika mpaka injini imepata moto, sailensa ikiwa chini, yani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, hapo usicheze tena. Ila hakikisha sauti inatoka huko kweli, lile bati la kukinga joto la ekzosi likilegea linatetemeka hivohivo na watu wamefunguliwa injini bure kwa ajili ya bati. Fundi mzuri anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye kava, mpini sikioni, anajua ndani au nje.

Kingine fungua kifuniko cha kujazia oili umulike na tochi ya simu. Chuma ikiwa na rangi ya kahawia ya kung'aa uko salama, ikiwa imeganda weusi kama lami ujue aliyekuuzia alikuwa habadilishi oili. Af angalia kama taa ya cheki injini inawaka, ipimwe na mashine, itatoa kodi, yani namba za hitilafu. P0016 maana yake kamshafti na krenki haziendi sawa na cheni ni mtuhumiwa wa kwanza. P0011 inaweza kuwa ile vavu ya VVT-i, inayopeleka oili ya kurekebisha taiming ya kamshafti, imeziba uchafu tu, ikasafishwa yakaisha, usikubali cheni itolewe kwa sababu ya P0011 peke yake. Na wasikufutie hizo kodi kwenye mashine wakakurudishia gari, kufuta sio kutengeneza.

Kwaiyo ushauri wangu anza na cha bei rahisi. Mwaga oili, weka 5W-30 au 10W-30, inaingia kama lita 3.7 hivi pamoja na filta, galoni ya lita nne inatosha. Ile oili ya namba 40 nzito ya mapipa achana nayo, asubuhi inachelewa kufika kwenye tenshena. Na filta nunua ya maana, kuna filta feki haina kile kipira cha kuzuia oili isirudi chini usiku, gari inapiga kelele kila asubuhi na mwenye gari anaambiwa cheni. Tembea wiki mbili, sikiliza tena.

Kelele ikibaki, kabla hujatoa hela ya kazi nzima mwambie afungue tapet kava tu, kile kifuniko cha juu ya injini. Azungushe krenki kwa spana mpaka alama ya puli ikae kwenye sifuri, halafu aangalie alama za gia za kamshafti huko juu. Zikiwa zimerudi nyuma, hazikai kwenye mstari, cheni imerefuka kweli na umeona kwa macho yako. Hapo badilisha, na usichelewe, ikiruka meno vavu zinagongana na pistoni na habari ya cheni inageuka habari ya injini nyingine.

Ukibadilisha badilisha vyote: cheni, tenshena, gaidi zote mbili, na oili sili ya krenki ya mbele kwa sababu kava lishatoka. Gia zikaguliwe meno, zikiwa zimechongoka nazo zitoke. Cheni mpya kwenye tenshena ya zamani ni kulipa ufundi mara mbili. Yeyote akikutajia cheni ya mtumba ondoka. Na siku ya kazi omba ruhusa shuleni ukakae pale, nakusihi kaka, kuna vitu viwili uvione mwenyewe. Silikoni ya kava apake nyembamba, ikizidi inamomonyokea ndani, inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inaziba chujio la pampu ya oili na injini inanoki, yani inakosa oili inaharibika. Cha pili, akishafunga azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata, ikikwama mahali asilazimishe, arudie alama. Fundi anayeruka hapo anabahatisha na mali yako.

Haya, Jumamosi asubuhi kabla hujaenda kokote nirekodie sauti ya kuwasha, simu iweke karibu na alteneta, af nitumie na picha ya hapo kwenye kifuniko cha oili. Na kijiti cha oili chomoa leo leo uniambie iko wapi. Hela ya mkopo usiitoe mpaka tuongee.

Msalimie shemeji sana.