Mboga za asili nazo zichavushwe kwa mkono

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mnavu, mgagani na mchicha, mboga ambazo uzalishaji wa mbegu bora umezipa kisogo kwa muda mrefu. Aina nzuri tulizonazo, nyingi zimepatikana kwa kuchagua mimea bora kutoka mbegu zilizokusanywa vijijini. Kazi hiyo ni njema, ila kuchagua peke yake hakuunganishi sifa zilizo katika mimea miwili tofauti: ukitaka mgagani wenye majani mapana ambao pia unachelewa kutoa maua, sharti uchavushe kwa mkono, yaani uchukue chavua (unga wa kiume wa ua) ya mmea mmoja uipake kwenye ua la mwingine.

Wapo wanaodai kuwa hilo lahitaji maabara. Sikubaliani nao. Kwa mnavu kinachotakiwa ni kibano chenye ncha nyembamba, mfuko wa karatasi, uzi na mkono uliotulia. Jioni unafungua tumba ambalo lingechanua kesho yake, unang'oa vifuko vyake vitano vya chavua bila kuijeruhi stigma (ncha ya sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua), unalifunika, na asubuhi unaipaka stigma hiyo chavua ya mmea baba. Tunda moja likishika hukupa makumi ya mbegu. Angalizo tu ni kwamba mnavu wa majani mapana una kromosomu (nyuzi zibebazo urithi ndani ya seli) 72, ilhali wenye matunda ya rangi ya chungwa una 48, hivyo chotara wao, hata wakipatikana, huelekea kuwa tasa.

Mchicha ndio mgumu, kwa kuwa maua yake ni madogo mno na chavua yake hubebwa na upepo. Hata hivyo, mama akiwa wa kijani na baba mwekundu, mashuke yao yakafungwa katika mfuko mmoja, miche ya mbegu za mama itakayoota na wekundu ndiyo chotara. Ya kijani ni ya mama aliyejichavusha.

Kizazi cha kwanza bado si mbegu ya kumpa mkulima, maana sifa hutawanyika katika kizazi cha pili na uchaguzi huendelea kwa misimu kadhaa, wakati fedha za miradi huwa zimeshakauka. Kwa hiyo naomba vyuo vya kilimo viifundishe kazi hii kwa vitendo, na aina zikipatikana, vikundi vya wakulima vizizalishe kwa utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora (ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake), unaosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Akina mama waliozitunza mbegu hizi miaka yote waitwe shambani kuonja kabla aina haijasajiliwa, kwa sababu mnavu uliozidi uchungu hauuziki hata ukiwa na majani kama sahani.

Bwana shamba mstaafu,
Arumeru, Arusha